Mistari Isiyochapwa: Kusoma Umbo la BG505

Kati ya maandishi yote yaliyotoka Nairobi, ni machache yaliyosomwa duniani kwa makini kama faili ya kompyuta iitwayo 4TVP. Iko wazi katika Benki ya Data ya Protini, haina ada, na simu ya kawaida yenye bando kidogo inaifungua. Ndani yake mna maelfu ya mistari ya herufi na tarakimu inayoeleza umbo la protini iliyo kwenye ganda la nje la kirusi cha HIV, ile inayoishika seli ya binadamu ili kirusi kiingie. Protini hiyo ilitokana na kirusi kilichopatikana katika damu ya mtoto mchanga wa Nairobi, alipokuwa na umri wa wiki 6. Wanasayansi wanakiita BG505.

Faili hii nimeisoma kwenye saiba moja ya Kawangware, karibu na steji ya 56, nikishuka mstari baada ya mstari, na nataka kuihakiki kama tunavyohakiki utenzi: kwa fani yake. Maudhui yake yamekwisha kuandikiwa makala mengi ya kitaalamu. Fani yake bado haijatendewa haki. Kipi kimechapwa, kipi kimeachwa, mkato umewekwa wapi, kipi kinarudiwa: mambo hayo ndiyo yaliyoamua tunajua nini kuhusu kirusi hiki. Yameamua hata jinsi miili ya watu waliochanjwa ilivyoitikia.

Hoja yangu ni kwamba kuunganisha majaribio ya maabara na hesabu za kompyuta ili kupata umbo na mwendo wa molekuli ni aina ya uandishi yenye kanuni zake. Uandishi huo ukiwa mwaminifu, huonyesha wazi mahali macho yalipoishia na mahali hesabu ilipoanzia. Usipokuwa mwaminifu, hutoa picha nzuri inayomdanganya msomaji. Faili ya 4TVP na jamaa zake zina uaminifu huo, lakini si kila mahali.

Chanzo

Kati ya Novemba 1992 na Julai 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington waliwaandikisha akina mama 425 wenye HIV kutoka kliniki nne za wajawazito jijini Nairobi. Ruth Nduati, Grace John, Dorothy Mbori-Ngacha, Joan Kreiss na wenzao walitaka kujua maambukizi mangapi yanapitia kwenye maziwa ya mama. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Kufikia miezi 24, asilimia 36.7 ya watoto waliopangiwa kunyonya walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 20.5 ya waliopangiwa maziwa ya kopo. Moja ya masharti ya kushiriki lilikuwa mama aweze kupata maji ya mfereji yaliyosafishwa na jiji. Aliyewahi kununua maji kwa mtungi wa lita 20 kwenye kioski cha Kibera anajua uzito wa sharti hilo: maziwa ya unga yakikorogwa kwa maji machafu humletea mtoto hatari nyingine.

Damu ya akina mama na watoto hao ilihifadhiwa. Mwaka 2006 kikundi cha Julie Overbaugh kule Seattle kilionyesha kwamba virusi vilivyovuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto vilikuwa hasa vile ambavyo kingamwili za mama zilishindwa kuvizuia. BG505 kimo katika kundi hilo.

Tazama kwanza umbo la jina lenyewe. Herufi mbili na tarakimu tatu zimemficha mtoto na mama yake kwa miaka yote hii. Anayeishi kwenye ploti za Kawangware, ambako ukuta wa mabati unawatenganisha majirani na hata kikohozi cha usiku hakifichiki, hahitaji kuelezwa thamani ya siri hiyo. Umbo hili ni la heshima, na libaki hivyo. Lakini limeficha kupita kiasi. Sehemu ya faili inayoeleza chanzo inataja aina ya kirusi na chembe ambamo protini ilitengenezwa; Nairobi haimo. Kumficha mtoto ni wajibu. Kuificha Nairobi hakumlindi mtu yeyote, na kunamfanya msomaji aamini kwamba maandishi haya yalizaliwa maabara.

Uhariri

Jina kamili la protini iliyopigwa picha ni BG505 SOSIP.664, na jina hilo ni orodha ya masahihisho. Protini ya asili ina sehemu mbili, gp120 na gp41, zinazojirudia mara tatu na kusimama kama kigoda cha miguu mitatu. Ikitolewa kwenye kirusi, husambaratika. John Moore, Rogier Sanders na wenzao walitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuifanya itulie. SOS ni daraja la salfa walilojenga kwa kuweka asidi amino mbili za sisteini, moja nafasi ya 501 na nyingine ya 605, ili gp120 na gp41 zisiachane. IP ni badiliko la nafasi ya 559: isolusini ilitolewa, prolini ikawekwa, ili gp41 isichomoke na kuwa umbo la mwisho inalolichukua kirusi kinapoungana na seli. 664 ndipo walipoikata protini, wakauacha nje mkia unaozama kwenye utando wa kirusi.

Kuna sahihisho jingine ambalo jina fupi halilitaji. Nafasi ya 332 kirusi cha mtoto kilikuwa na threonini. Wahariri waliweka asparajini, ili sukari ipate pa kuning'inia, kwa sababu kingamwili nyingi zenye nguvu hushika hapo. Hivyo protini iliyosomwa na dunia nzima si ile ile iliyotoka Nairobi. Ni toleo lililohaririwa, na kila anayenukuu BG505 ananukuu pia kazi ya wahariri.

Masahihisho mawili ya kwanza yana lengo moja, nalo ni kuzuia mwendo. Kwenye kirusi halisi protini hii hufunguka na kufunga. Hapa imefungwa kamba. Siwalaumu. Bila kamba hizo hapangekuwa na picha. Mwaka 2013 picha mbili zilitoka pamoja: ya Jean-Philippe Julien na wenzake kwa njia ya fuwele, yenye ukali wa angstromu 4.7, na ya Dmitry Lyumkis na wenzake kwa hadubini ya elektroni na protini iliyogandishwa, yenye ukali wa angstromu 5.8. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Mwaka 2014 Marie Pancera na wenzake walifika 3.5, protini ikiwa imeshikiliwa na kingamwili mbili, PGT122 na 35O22. Hiyo ndiyo 4TVP. Lakini msomaji asisahau: maandishi haya yaliandikwa tangu mwanzo kwa kuuzuia mwendo, na mwendo ndio kirusi kinaoutumia kuingia mwilini.

Mstari kwa mstari

Kila mstari wa faili una nafasi 80, urithi wa kadi za kutobolewa za kompyuta za zamani. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1971 ikiwa na miundo 7 tu. Mstari wa kawaida una namba ya atomu, jina lake, asidi amino yake, herufi ya mnyororo na namba ya nafasi. Kisha zinakuja tarakimu tatu za mahali: kulia au kushoto, juu au chini, mbele au nyuma. Mwisho ziko tarakimu mbili za tahadhari.

Tarakimu za mahali zina desimali tatu. Mstari unadai kuijua atomu ilipo kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya angstromu, ilhali ushahidi uliouzaa una ukali wa angstromu 3.5. Fomati haimruhusu mwandishi apunguze desimali pale asipokuwa na hakika. Atomu iliyoonekana vizuri na ile iliyokisiwa huandikwa kwa sauti moja. Hili ni kosa la fani, na msomaji mgeni hulipokea bila kujua.

Tahadhari imesukumwa hadi mwisho wa mstari, katika tarakimu iitwayo kigezo B. Ikiwa kubwa, atomu imetanda. Lakini inaweza kutanda kwa sababu mbili: ama inacheza kweli ndani ya fuwele, ama watafiti hawakuweza kuiona vizuri. Mwendo wa kitu na udhaifu wa jicho vimewekwa kwenye safu moja, na faili haitoi njia ya kuvitenganisha. Hapo ndipo hesabu za kompyuta zinapohitajika, kwa sababu zinaweza kuuliza swali ambalo safu hiyo haiwezi kujibu: je, kipande hiki kwa asili yake kinaweza kucheza kiasi hicho?

Endelea kusoma utaona kwamba faili imeandika theluthi moja tu ya protini. Theluthi mbili zilizobaki hazikuandikwa. Kuna maagizo ya hesabu yanayomwambia msomaji azungushe ile ya kwanza mara mbili zaidi. Ni kibwagizo kinachoandikwa mara moja na kuimbwa mara tatu. Kinapendeza, na kwa fuwele hiyo ni sahihi. Lakini kina dai ndani yake, kwamba miguu yote mitatu hufanana daima. Mwaka 2018 kikundi cha Walther Mothes cha Chuo Kikuu cha Yale kilionyesha kwamba protini hii hufunguka kwa kupitia hatua isiyo na ulinganifu, mguu mmoja ukitangulia. Kibwagizo hakiwezi kuibeba hatua hiyo. Fomati yenyewe inaikataa kabla mtu hajaitafuta.

Kisha ipo sehemu ninayoipenda kuliko zote, iliyoandikwa kama maelezo namba 465. Inaorodhesha asidi amino ambazo zilikuwamo ndani ya protini lakini hazikuonekana. Hazina mahali, hazina tarakimu. Zina majina na namba tu, kama orodha ya mahudhurio ya wasiofika. Humo mna kipande cha gp41 kati ya nafasi za 548 na 568 hivi. Nafasi ya 559, penye sahihisho mashuhuri la prolini, iko katikati ya kipande hicho. Mhariri aliingiza neno lililoshikilia maandishi yote, na neno hilo haliko kwenye ukurasa.

Orodha ya namna hii ni tendo la uaminifu. Inasema: hapa kuna kitu, hatukukiona, wala hatutakibuni. Wakazi wa Kibera wanajua vizuri gharama ya kukosekana kwa orodha kama hiyo. Kwenye ramani nyingi mtaa wao ulikuwa nafasi tupu hadi mwaka 2009, vijana walipoanza kuzunguka na vifaa vya GPS chini ya mradi wa Map Kibera, wakiingiza kila kichochoro, kioski cha maji, choo na zahanati kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Upande wa pili lilikuwapo kosa la kinyume: idadi ya wakazi ilitajwa kote duniani kuwa milioni moja, makadirio yasiyofungwa na hesabu yoyote ya nyumba kwa nyumba, na sensa ya mwaka huo wa 2009 ikahesabu watu 170,070. Kosa la kwanza ni kuacha pengo na kulifanya lionekane kama utupu. La pili ni kulijaza kwa kukisia bila breki. Modeli nzuri ya molekuli lazima iyakwepe yote mawili. Ilete hesabu pale jicho liliposhindwa, na hesabu hiyo iwajibike kwa kila kipimo kilichopo.

Sukari

Pengo kubwa kuliko yote katika BG505 ni sukari. Kila mguu wa toleo hili lililohaririwa una nafasi 28 ambapo mnyororo wa sukari unaweza kushika. Kwa miguu mitatu ni 84. Karibu nusu ya uzito wa protini hii kwenye kirusi ni sukari, na hiyo ndiyo ngao yake: seli zetu wenyewe ndizo zinazotengeneza minyororo hiyo, kwa hiyo kinga ya mwili huiona kama ya nyumbani na kuipita. Lakini kwenye faili ya fuwele utaona mashina tu, vipande vya kwanza vilivyo karibu na protini. Matawi yanacheza mno, hayaachi alama. Picha mashuhuri ya HIV, ile ya utepe laini wenye rangi, inaonyesha askari aliyevuliwa ngao.

Mwaka 2020 Zachary Berndsen, Srirupa Chakraborty na wenzao, wakishirikiana kati ya Taasisi ya Scripps na maabara ya Los Alamos, waliandika pengo hilo kwa njia ninayoiona kuwa mfano bora wa fani hii. Walikuwa na mashahidi watatu. Hadubini ya elektroni iliwapa picha za protini iliyogandishwa. Vipimo vya uzito wa molekuli viliwaambia ni sukari gani hasa iliyoko kwenye nafasi gani. Kompyuta ikajenga maumbo mengi ya ngao nzima, kila moja likitii kanuni za kemia na kutogongana na jirani yake.

Kisha walifanya jambo linalokwenda kinyume na tamaa ya kila mpiga picha: walipunguza ukali wa picha ya hadubini kwa makusudi. Ukali wote unaokazaniwa kwa fedha nyingi huonyesha kilichotulia na kufuta kinachocheza. Picha ilipofifishwa hatua kwa hatua, ngao ilianza kujitokeza, kwanza mashina, halafu mawingu yanayogusana. Picha hizo zilizofifishwa ndizo walizozilinganisha na wastani wa maumbo ya kompyuta. Fani inakubali ukungu ili ukweli uonekane, na ukungu wenyewe unapimwa.

Nyuma ya kazi za namna hii kuna kanuni ambayo kila mwandishi angefaa aikariri. Kompyuta hutoa maumbo maelfu, kila moja likiwa na uzito wake, yaani sehemu ya muda ambao molekuli hukaa katika umbo hilo. Jaribio la maabara mara nyingi hupima wastani wa maumbo yote kwa pamoja. Wastani wa kompyuta usipolingana na kipimo, mizani ya maumbo husogezwa, lakini kwa kiasi kidogo kabisa kinachotosha kuleta ulinganifu. Baadhi ya vipimo huwekwa kando bila kutumiwa, ili modeli iliyosahihishwa ijaribiwe kwa ushahidi ambao haijauona. Mwandishi habadili zaidi ya anavyolazimishwa na ushahidi, na anaacha mlango wa kukosolewa wazi.

Muda

Huko Gatwekera, Kibera, nilimwonyesha mhudumu mmoja wa afya ya jamii picha ya BG505 kwenye simu. Yeye hutembelea kaya na chati yenye mchoro wa kirusi, mpira wenye miiba. Aliitazama picha kwa muda akauliza: "Sasa mwalimu, kama hiki kitu kinafunguka, mbona mmekipiga picha kimefunga?" Nikamjibu kwamba kilifungwa kwa makusudi ili kionekane. Akasema, "Basi mwalimu, hamjakiona kikifanya kazi yake." Sijasoma uhakiki mfupi na sahihi kuliko huo.

Uigaji wa kompyuta hujaribu kuuona mwendo. Unaichukua faili, unaongeza maji, chumvi na sukari, kisha unakokotoa nguvu kati ya atomu mamia ya maelfu na kuzisogeza kidogo kidogo. Kila hatua ni kama femtosekunde 2. Ili kufikia sehemu moja ya milioni ya sekunde, kompyuta inahitaji hatua milioni 500. Lakini kufunguka kwa protini hii huchukua kuanzia sehemu za elfu za sekunde hadi sekunde nzima. Uigaji una kila atomu lakini hauna muda wa kutosha.

Mwaka 2014 James Munro, Walther Mothes na wenzao walikuja na shahidi wa aina nyingine. Walipachika rangi mbili zinazong'aa juu ya protini ikiwa bado kwenye kirusi, wakapima jinsi nishati inavyoruka kutoka rangi moja hadi nyingine, jambo linalotegemea umbali kati yake. Waliona protini moja moja ikihama kati ya hali tatu, kutoka iliyofungwa hadi iliyofunguka kabisa. Shahidi huyu ana muda lakini hana atomu: anajua umbali mmoja tu.

Mwaka 2019 kikundi hicho hicho kiliuliza swali la kihariri kabisa: toleo la SOSIP, lile lililopigwa picha na dunia nzima, liko katika hali ipi kati ya hizo tatu? Jibu lao ni kwamba linakaa zaidi katika hali ya pili, si ya kwanza ambayo protini ya asili huipendelea kwenye kirusi. Wataalamu wamebishana juu ya jibu hilo, na mabishano hayo yana faida. Tunachopata kama wahakiki ni hiki: sura mashuhuri inayoitwa iliyofungwa huenda ikawa tayari imeanza safari ya kufunguka. Picha haikuweza kujua hilo peke yake, wala uigaji, wala rangi zinazong'aa. Lilijulikana pale mashahidi walipohojiwa pamoja.

Mwili unasoma mkato

Kuna msomaji mmoja makini kuliko wote, ambaye hasomi utangulizi wala nia ya mwandishi. Ni kinga ya mwili.

BG505 SOSIP.664 ilijaribiwa kama chanjo, kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu waliojitolea. Jaribio la IAVI W001 lilifanyika Marekani na Nairobi, kupitia taasisi ya KAVI ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Taasisi hiyo imekuwa ikijaribu chanjo za HIV tangu mwaka 2001, na imekuwa na kliniki Kangemi, jirani na Kawangware. Matumaini yalikuwa kwamba mwili ukiiona protini ikiwa imetulia katika umbo lake, utajifunza kuishambulia sehemu zile ambazo virusi vyote vinazo.

Kwa wanyama na kwa binadamu, sehemu kubwa ya kingamwili ilielekea kitako cha protini. Kitako hicho kwenye kirusi halisi kimegeukia utando, hakifikiki. Kilifunuliwa na mkato wa 664. Upande ule hauna sukari, uko wazi, na mwili uliushika. Kwa sungura, kingamwili zilizofanikiwa kukizuia kirusi zililenga hasa tundu katika ngao, mahali pa nafasi za 241 na 289, ambapo virusi vingi vina sukari lakini kile cha mtoto wa Nairobi hakikuwa nayo. Kingamwili hizo zilikizuia kirusi kile na si vingine.

Hapa hoja yangu juu ya fani inapata uthibitisho ndani ya damu. Mkato uliofanywa ili maandishi yatulie ulizaa uso mpya ambao haumo katika maumbile, na msomaji mkuu akausoma uso huo kama sura kuu. Tundu ambalo lilikuwa alama ya kirusi kimoja lilisomwa kama mlango. Kila mwandishi anajua kwamba mahali unapokata sentensi ndipo jicho linapotua. Wajenzi wa chanjo wamejifunza hilo kwa njia ngumu, na matoleo yaliyofuata yamefunika kitako kwa sukari na kuziba matundu, kwa hesabu za kompyuta zinazochagua nafasi na vipimo vinavyothibitisha kwamba sukari imeshika kweli.

Watoto wawili

Mtoto mwingine wa utafiti huo wa Nairobi anajulikana kwa alama BF520. Mwili wake ulitengeneza kingamwili inayozuia virusi vya aina nyingi, jambo ambalo kwa watu wazima kwa kawaida huchukua miaka. Kwake, kingamwili hiyo ilitengwa kutoka sampuli ya kabla ya miezi 15 ya maambukizi. Inaitwa BF520.1, na inashika eneo la sukari ya 332.

Mwaka 2019 Cassandra Simonich, Overbaugh na wenzao walitumia mbinu za kompyuta kukisia ukoo wa kingamwili hiyo kuanzia babu yake wa kwanza, wakajenga mababu hao maabara na kuwapima, kisha wakaipiga picha kwa hadubini ya elektroni ikiwa imeshika BG505. Ilionekana kwamba badiliko la asilimia 2 tu lilitosha kufikia uwezo wake wote. Katika muundo huo mmoja wamekutana watoto wawili wa Nairobi: kirusi cha mmoja, kilichohaririwa nafasi ya 332, na kingamwili ya mwingine iliyokuja kushika papo hapo. Ukoo uliokokotolewa na muundo uliopimwa vinasimamiana. Kimoja kikianguka, kingine hakina maana kamili. Ndiyo sababu nauweka muundo huo juu ya 4TVP yenyewe. 4TVP ina ukali zaidi. Huu una historia ndani yake: unaonyesha namna mwili wa mtoto ulivyojifunza, na jinsi njia hiyo ilivyokuwa fupi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. 4TVP ni kazi kubwa yenye kasoro zinazotokana na umbo ililoandikiwa: desimali zinazodai mno, safu moja iliyobebeshwa maana mbili, kibwagizo kisichoruhusu mguu mmoja kutangulia. Isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na mawingu ya sukari ya 2020 na hali tatu za protini inayohama, na anayeichapa kwenye kitabu cha shule aweke na orodha ya vilivyokosekana. Benki ya data sasa inapokea pia modeli zilizojengwa kwa mashahidi wengi, ambazo zinataja kila kipimo kilichotumika na zinaweza kubeba maumbo mengi badala ya moja. Huko ndiko BG505 inakostahili kuandikwa upya. Mistari ya chanzo itaje Nairobi. Na watu wa Kangemi, Kawangware au Kibera wanapoombwa kutoa mkono wao kwa jaribio lijalo, waonyeshwe protini yenye ngao yake na mwendo wake, na waambiwe ni sehemu gani ilionwa na ipi ilikokotolewa. Damu iliyoandika maandishi haya ilitoka kwao. Kuyasoma kwa ukamilifu wake ni haki yao.